Aliyezeekea Kwenye Kompyuta Yangu

Sikuwahi kuiba programu ya kompyuta. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonifanya nichekwe, na kuchekwa huko bado kunaniwasha.

Studio yangu iko Sakina, kwenye barabara ya kwenda Nairobi, kati ya fundi springi na mama ntilie anayepika machalari ya ndizi na nyama. Wakati naifungua, karibu kila mpiga picha niliyemjua mjini alikuwa anatumia programu za wizi za kurekebisha picha, zilizovunjwa kufuli, zinazouzwa kwenye sidii pamoja na filamu za mapigano. Mimi nikasema hapana. Baba yangu alikuwa mwinjilisti wa Kilutheri, na nyumbani kwetu hata parachichi la jirani likiangukia upande wetu tulitumwa kulirudisha. Basi nikajibana, nikamwagiza dereva mmoja wa watalii, naye akamwomba mgeni wake anunue huko kwao aje nayo. Ikafika ndani ya boksi, na sidii yake, na namba ya leseni imechapwa kwenye karatasi ngumu. Boksi lilisema nikishanunua ni yangu moja kwa moja. Nilifurahi kama mtu aliyekabidhiwa hati ya kiwanja.

Jirani yangu, mwenye ofisi ya mabango ya harusi na kampeni, alikuja kuliangalia lile boksi kama watu wanavyokwenda kuangalia mtoto mchanga. "Dada, umenunua?" akauliza. "Umenunua kabisa, kwa hela?" Akacheka mpaka akaegemea mlango. Nikamwambia acheke tu, mwizi na mwenye haki hawalali usingizi mmoja. Miaka mingi nililala usingizi wangu vizuri.

Kwenye programu hiyo ndiko alikozeekea mke wa mzee mmoja kutoka Meru.

Mzee huyo alikuja mara ya kwanza kipindi cha baridi, siku ambazo mlima haujulikani kama upo kwa wingu. Alivaa koti refu la mvua, kofia ya sufu, na viatu vilivyofutwa udongo pale pale nje kwa jani la mgomba alilokuja nalo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba taratibu, akakaa. Kisha akatoa leso, na ndani ya leso picha ndogo nyeusi na nyeupe ambayo ukungu ulikuwa umeanza kuila pembeni. Ilikuwa ya msichana. Amesimama soko la Tengeru mbele ya pazia la mpiga picha wa kutembea, kitambaa kichwani, macho yamekaza kama anayeogopa kufumba.

"Mke wangu," akasema. "Alifariki kwenye uzazi wa mtoto wetu wa pili. Nikuzie picha hii."

Nikaiskani, nikaondoa ukungu, nikarudishia shavu lililokuwa limeanza kuliwa. Nilipomchapia, kubwa ya kuwekwa kwenye fremu, aliiangalia kwa muda mrefu. Kisha akachukua ile ndogo, akatoka nayo hadi kwenye jiko la mama ntilie, akaitumbukiza kwenye mkaa. Nilipiga kelele. Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Mwanangu, mimi ni Mkristo," akasema. "Wake wawili chumba kimoja watakaaje?"

Nilidhani ameniaga. Lakini alirudi baada ya mavuno ya kahawa, fremu imefungwa kwenye kitenge. Nikafikiri kioo kimevunjika. Kumbe kilichomleta ni kingine.

"Huyu amebaki mtoto," akaniambia, akimwonyesha kwa kidole. "Mimi natembelea fimbo. Kila nikiamka naona aibu. Mwongeze umri kidogo."

Niseme ukweli, nilitaka kumwambia, baba, hayo hayafanywi. Lakini alikuwa ameshavua kofia na kukaa, na mtu mzima akishavua kofia mbele yako umwambie nini? Nikafungua faili. Nikaanza kumzeesha.

Kwa asiyejua kazi yetu, picha kwenye programu ile haikuwa kitu kimoja. Ilikuwa ya tabaka juu ya tabaka, mfano wa mashuka kitandani. Chini kabisa yuko msichana wa Tengeru, hajaguswa. Juu yake unaweka kivuli chembamba chini ya jicho, juu ya hicho mkunjo, juu ya mkunjo mvi. Ukikosea unaondoa shuka moja, mengine yanabaki. Ndiyo maana nilihifadhi kazi yote ndani ya faili moja na kuchapa moja kwa moja kutoka humo. Nakala nyingine yoyote mzee aliikataza. Aliniambia hataki mke wake akae kwenye simu za watu.

Kila baada ya mavuno alikuja. Utaratibu ulikuwa ule ule. Anatoa picha ya mwaka uliopita kwenye fremu, mimi naikata kwa mkasi vipande vidogo, yeye anavipeleka jikoni kwa mama ntilie na kusimama mpaka viteketee. Wakati huo kompyuta yangu kuukuu inaamka, maana ilihitaji muda kama bibi anayeshuka kitandani. Akirudi tunaanza kazi.

Na haikuwa kazi ya kubahatisha. Kila mkunjo ulikuwa na habari yake. "Hapa kati ya nyusi," aliniambia mwaka mmoja, "weka mmoja. Huu ameupata bei ya kahawa ilipoanguka, alikuwa hasemi, anakunja uso tu." Mwaka mwingine akataka mistari miwili pembeni ya mdomo. "Ya nini baba?" "Ya kucheka. Mkwe wetu wa kwanza alikuja kujitambulisha amevaa viatu vya jozi tofauti." Mvi akaagiza zianzie mbele, kwa sababu mama mzazi wa mkewe alianza hivyo. Nilipompunguza mashavu alinigombeza, akasema kwao hakuna mwanamke aliyewahi kuisha mashavu, loshoro ya mahindi na maziwa mgando si ya kuchezea.

Mwanzoni nilikuwa namcheka kimoyomoyo. Baadaye nikajikuta namsubiri. Yule mama nilimjua kuliko majirani zangu. Nilijua mwaka aliougua mgongo, nilijua alivyokasirika walipokata mti wa mgruvilia wa mpakani bila kumuuliza. Mambo hayo yote yalitokea bila yeye kuwepo, naelewa hilo, sijapungukiwa akili. Lakini yalikaa usoni mwake, na uso huo niliutengeneza mimi kwa mkono wangu.

Watoto wake hawakujua. Fremu ilitundikwa chumbani kwake, na kwao mtoto aliyekua haingii chumba cha baba yake. "Wakijua," alisema, "usharika mzima utasema nafuga mizimu." Nikamwahidi kwamba sitamwambia mtu.

Sasa kampuni. Ilianza kwa barua pepe zenye rangi nzuri. Wakasema kuanzia sasa programu haitauzwa, itakodishwa mwezi kwa mwezi, na wanafanya hivyo kwa manufaa yetu. Sijawahi kuona mtu anayekunyang'anya kitu akasema ni kwa manufaa yake. Siku zote ni kwa manufaa yako. Wenye toleo la zamani tukaambiwa tusiwe na wasiwasi, tutaendelea kulitumia. Nikaendelea. Kila nikiwasha, kisanduku kinajitokeza kunikumbusha nihamie kwenye kukodi, nami nakifunga kwa hasira kama mtu anayefukuza kuku jikoni.

Mtu akikuuzia ng'ombe, ukamlisha, ukamjengea banda, halafu siku moja ukamkuta muuzaji amesimama mlangoni mwa banda anataka umlipe kila unapokwenda kukamua, utamwitaje? Mimi nilikuwa na majina kadhaa. Hayaandikiki.

Mwaka ule wa mwisho mzee alikuja kabla ya muda wake. Kahawa ilikuwa bado mtini. Koti lilimning'inia, na kutoka mlangoni hadi kwenye kiti alipumzika njiani, ameshika meza yangu. Nikamwamkia, akaitikia kwa kichwa kwanza, sauti ikafuata.

"Mwanangu, leo usimwongeze kidogo," akasema. "Mzeeshe hasa. Awe kama mimi."

"Mbona mara iliyopita ulinigombeza nilipozidisha mvi?"

"Mara iliyopita nilikuwa wa kubaki. Sasa daktari amenipima kifua, halafu akaenda kuongea na binti yangu pembeni. Mtu akishaongelewa pembeni, anajua." Akakohoa, akafuta mdomo. "Nataka nikifika huko tusipishane. Nimjue, anijue. Nisimkute mtoto."

Mimi mtoto wa mwinjilisti nikamkumbusha kwamba huko mbinguni, tunavyofundishwa, hakuna kuoa wala kuolewa. Akaniangalia kwa huruma. "Anayefundisha hajafika huko," akasema.

Nikacheka, na yeye akacheka mpaka kikohozi kikamkatisha. Kisha nikawasha kompyuta, nikachukua mkasi, nikaikata picha ya mwaka jana. Mama yule alikuwa mzuri mwaka ule, namkumbuka, amefika umri wa kuitwa bibi na kuitika. Mzee akakusanya vipande vyote kwenye kiganja, hata kile kilichoangukia chini ya kiti, akaenda navyo polepole kwenye jiko. Mama ntilie akainua sufuria kumpisha. Aliporudi alinusa moshi wa plastiki kwenye mkono wake, akajifuta kwenye koti.

Nikabofya programu. Kikaja kisanduku kingine, ambacho sikuwahi kukiona. Kilisema leseni yangu haitambuliki tena. Kilisema nikitaka kuendelea nichague mpango wa malipo.

Nikakifunga. Kikarudi. Nikazima kompyuta, nikawasha, tukasubiri wote wawili tukiitazama. Kikarudi. Nikachomoa intaneti, nikatoa boksi langu juu ya kabati, nikaingiza ile namba ya kwenye karatasi ngumu, tarakimu kwa tarakimu. Ikasema namba si sahihi. Namba niliyoinunua! Nikapiga meza, vikombe vikaruka.

Mzee hakuelewa bado. "Imeharibika?" akauliza.

"Haijaharibika baba. Wamenifungia."

"Nani?"

Aliyenifungia hata mimi sikumjua. Faili lilikuwepo. Nilimwonyesha. Kwenye orodha ya mafaili kila moja lina kipicha chake kidogo, na cha kwake kilikuwa pale, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba: mvi mbele, mashavu, kitambaa kichwani. Nilikivuta kikawa ukungu mtupu. Mzee akainamisha uso hadi pua ikakaribia kioo. "Si huyu hapa?" akasema. "Yupo. Mfungulie."

Jirani wa mabango alikuja aliposikia meza ikipigwa. Safari hii hakucheka mwanzoni, nampa haki yake. Alichukua faili kwenye flashi, akaenda kulijaribu kwenye programu yake ya wizi, ambayo haijawahi kumwomba mtu ruhusa na ilikuwa inafanya kazi kama kawaida. Mzee alikubali, jirani yule alishamzoea. Lakini toleo lake lilikuwa la zamani kuliko langu, likasema halilijui faili hili. Aliporudi ndipo akashindwa kujizuia. "Sasa dada," akasema, "aliyenunua amefungiwa, aliyeiba anakula kazi. Hiyo ndiyo leseni?" Nilimfukuza. Mpaka leo akinisalimia namjibu, lakini nusu nusu.

Nikajaribu kulipia hicho walichotaka. Nimeze hasira, nilipe mwezi mmoja, nimfungue mama wa watu, basi. Hela ilipokelewa upesi sana. Programu mpya ndiyo iliyokataa; ikasema kompyuta yangu ni ya zamani mno, haiwezi kuibeba. Hela haikurudi siku ile.

Nikawaandikia. Kampuni yenyewe haina mlango wa kugonga, ina kisanduku cha kuandikiana. Kwanza ilinijibu mashine, ikanishukuru kwa kuwa mteja mwaminifu. Nikang'ang'ania hadi akaja mtu, au kitu kinachojiita mtu. Kwa Kiingereza changu cha sekondari nikamweleza kwamba nina boksi, nina namba, na ndani ya faili kuna mwanamke ambaye mumewe amekaa hapa anamsubiri. Akauliza kama nazungumzia taarifa binafsi za mteja. Kisha akasema mitambo iliyokuwa inatambua toleo langu imezimwa na haitawashwa tena. Akasema anaelewa ninavyojisikia. Nikamwandikia kwa Kiswahili kwamba haelewi hata kidogo, nikaongeza na mengine. Akanitakia siku njema.

Mzee alikuwa amesinzia kwenye kiti. Nilipomwamsha nikamwambia iliyobaki ni kupeleka faili mjini, kwenye ofisi kubwa za uchapaji, wao wana mashine mpya.

"Hapana," akasema.

"Baba, ni dakika chache tu."

"Mke wangu hatembezwi mjini. Vijana wamfungue, waulize huyu bibi ni nani, wacheke, wampige picha kwa simu zao. Hapana. Wewe ndiye unayemjua." Akachukua fremu yake tupu, akaifunga kwenye kitenge. "Tengeneza mashine yako. Nitarudi."

Siku zile niliishi vibaya. Nilikuwa nawagombeza wateja wa pasipoti kwa kupepesa macho. Niliitangaza lensi yangu nzuri ya harusi, ile niliyoipenda kuliko hereni zangu, ili ninunue kompyuta nyingine, na aliyetaka kuinunua akawa ananizungusha kila siku. Wakati huo wapiga picha walikuwa wanaulizana kwenye makundi ya simu nani ana programu ya bure. Mmoja akanitumia, akasema inafungua mafaili ya aina zote na haidai leseni. Nikaiingiza kwenye mashine yangu. Nilikuwa bado sijalijaribu faili nilipoona koti refu mlangoni.

Alikuwa amekuja mwenyewe, bila kuitwa. Sura yake ilikuwa imebadilika rangi. Nikamsaidia kukaa, nikamvutia kiti karibu na kioo, nikamwambia, baba, leo huenda Mungu ametuona. Laiti ningenyamaza.

Programu ile ya bure ilifungua. Mstari wa kusubiri ulitembea mpaka mwisho, na nikashika mkono wa mzee bila kufikiri. Kisha picha ikajaa kioo kizima.

Ilikuwa msichana wa Tengeru.

Nilielewa kabla hajauliza. Mikunjo yote, vivuli, mvi, nilivitengeneza kwa zana za programu yangu, na programu hii ya bure haikuzijua zana hizo. Ilisoma shuka la chini tu. Miaka yote niliyomvika ilikuwa imemdondoka. Mkunjo wa bei ya kahawa haukuwepo, wala mistari ya kumcheka mkwe. Alibaki mtoto mwenye kitambaa, ngozi kama ganda la yai, amekaza macho, hajui hata kwamba ameolewa.

Mzee aliinua mkono akataka kumgusa shavu, akaurudisha, akauficha ndani ya koti. Nilimwona anaona aibu. Mzee yule aliona aibu, kama mtu aliyekutwa anamtazama binti wa watu.

"Nikifika," akasema, "huyu ataniamkia shikamoo."

Nililia. Yeye hakulia. Aliniomba nimfunge, nikafunga. Nikamwambia anipe siku chache, kompyuta nyingine inakuja, tabaka zote zimo humo humo, hazijapotea. Nilizungumza mengi na kwa haraka. Akaitikia, ndiyo mwanangu, ndiyo mwanangu, kama unavyomwitikia mtoto anayekuahidi ndege. Nilimtafutia bodaboda wa kumpeleka stendi, nikamwambia dereva aende taratibu.

Lensi ilinunuliwa mwishowe. Kompyuta mpya ikaja, nikalipia mwezi, programu ikaingia bila ubishi wowote. Nikafungua faili. Alikuwepo. Mzima, na miaka yake yote, kama alivyokuwa kabla ya mkasi. Nikakaa naye siku nzima, mlango nimeurudishia. Nikamzeesha kama mzee alivyoagiza: nikamlegeza kope, nikamshusha kidogo ngozi ya shingo, mvi nikazieneza hadi nyuma. Mashavu sikuyagusa. Nilipomaliza alikuwa bibi wa Kimeru ambaye ungempisha njia kwenye migomba. Nikachapa. Nikapiga simu ya mzee.

Ikapokelewa na mwanamke. Nikajitambulisha kuwa ni wa studio. Akasema, "Baba ametutoka. Tunazika keshokutwa."

Nilikwenda. Kihamba chao, shamba la nyumbani, kiko juu ya Tengeru, kahawa chini ya migomba, njia imekanyagwa na watu wengi hadi imekuwa tope. Tarumbeta za usharika zilipigwa vizuri. Juu ya jeneza walikuwa wameweka picha yake kubwa, studio fulani imemvika suti ya bluu na tai ambayo hakuivaa maisha yake yote, na shingo wameiunganisha vibaya. Hata msibani jicho langu halikuacha ukorofi. Kaburi lilikuwa limechimbwa ubavuni mwa kaburi la zamani lenye msalaba wa saruji ulioota kuvu.

Binti yake ndiye aliyenifuata. Alikuwa mtu mzima kuliko nilivyomtarajia, mkubwa kuliko mama yake alivyowahi kuwa. Akanishika mikono yote miwili.

"Dada, baba alikuwa anakuja kwako mara kwa mara. Alikuwa anafuata nini?"

"Pasipoti," nikasema.

"Pasipoti za kwenda wapi jamani?" Akatabasamu na machozi. "Tumekuta chumbani kwake fremu tupu imetundikwa juu ya kitanda. Haina kitu ndani. Tumeulizana wote, hatujui ilikuwa ya nini."

Bahasha yenye picha ya mama yake ilikuwa kwenye mkoba wangu, mkoba uko begani, na mkono wangu uko juu ya zipu. Nilimtazama mdomo wake, pembeni, mistari miwili. Nilikuwa nimeahidi. Nikamwambia pole sana, mama, Mungu awatie nguvu.

Wakati wa kutupia udongo nilisimama kwenye foleni na wengine. Nilifikiri kuidondosha pamoja na udongo, ni karatasi tu, ni kitendo cha sekunde. Lakini mgeni hadondoshi kitu asichokijua mtu kwenye kaburi la watu. Ningeitwa mchawi kabla sijainua kichwa, na mzee angefukuliwa kesho yake. Nikatupa udongo wangu mtupu, nikapisha. Nikashuka hadi barabarani na mkoba ukiwa mzito vile vile.

Sasa nalipa kila mwezi, kama wao wanavyotaka. Kazi za wateja ndizo zinazonilazimisha, sitaki kujidanganya. Lakini mwezi ukikaribia kuisha na kisanduku kikajitokeza kunikumbusha, ninayemfikiria kwanza ni yeye, kwamba nikichelewa watamfungia tena, na safari hii hakuna wa kukaa kwenye kiti kumsubiri. Hasira yangu imezeeka. Siku hizi nalipa bila kutukana.

Wiki iliyopita lori la kahawa lilipita hapa barabarani, nikajua huko juu wamevuna. Nikafunga mlango, nikamfungua. Nilishika ile brashi nyembamba, nikaisogeza karibu na jicho lake, pale ambapo mwaka huu ungekuwa umeingia mkunjo mwingine. Sikuuweka. Hana tena wa kuzeeka naye.